Samaki hana koo la kusemea. Sauti yake inatoka wapi?

Ukipita kwenye meza za samaki soko la Mbuyuni, Moshi, siku ambayo mzigo wa bwawa la Nyumba ya Mungu umeingia mapema, kuna kitu unaweza kukisikia hata kabla hujauliza bei. Beseni limejaa perege waliokwisha kutulia, na kati yao yumo gogogo mmoja au wawili ambao roho bado haijatoka. Mteja anamwinua mmoja amtazame vizuri, na samaki anatoa mlio mkavu wa kukwaruza: krii, krii, krii. Mteja anamwachia haraka.

"Mama, mbona huyu analia?"

"Halii, mwanangu. Anakutahadharisha na miiba yake. Mshike mkiani."

Hapo ndipo ubishi unapoanzia, na kule Kilombero, Arusha, nako haupungui. Yuko atakayesema samaki huyo ana jini. Yuko atakayesema ni pumzi tu inamtoka, maana ametolewa majini. Kijana mwenye simu ataleta habari iliyosambaa mwaka 2024 ya kisamaki cha Asia ambacho, eti, kina kelele kuliko ndege inayopaa. Na hakosekani mzee wa kufunga mjadala kwamba samaki ni bubu, Mungu hakumpa sauti, mengine ni hadithi za vijana. Tusimlaumu mzee. Sisi wa huku mlimani tumezoeana na samaki juzi juzi tu. Wazee wengi wa Kichagga na wa Kimasai hawakuwa wakimla kabisa, na wengine walimhesabu kuwa jamaa ya nyoka. Mnyama unamjua kwa kumfuga au kumwinda, na wengi wetu samaki tulikutana naye akiwa ameshakaangwa.

Katika hao wote, aliye karibu zaidi na ukweli ni mama muuza samaki. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tukubaliane sauti ni kitu gani.

Sauti ni mtetemo unaosafiri. Kitu kinatikisika, kinasukuma chembe za hewa au za maji zilizo jirani yake, hizo nazo zinasukuma zinazofuata, hadi mtetemo unafika sikioni. Basi. Haijaandikwa popote kwamba kinachotikisika lazima kiwe koo. Binadamu, mbuzi na jogoo tunatumia pumzi: hewa inatoka mapafuni na kupita kwenye ngozi laini zinazotetemeka njiani, ambazo kwetu sisi ziko nyuma ya kongomeo. Samaki hana mtambo huo. Ukiacha kamongo na wenzake wachache, hana hata mapafu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliligundua hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Aliandika kwamba samaki hawana sauti ya kooni kwa kuwa hawana mapafu, lakini baadhi yao hutoa milio kwa njia nyingine, ama kwa kusuguanisha viungo, ama kwa kutumia hewa iliyomo tumboni. Kwa mtu ambaye hakuwa na kifaa chochote zaidi ya macho, masikio na wavuvi wa kuwauliza, alilenga vizuri mno. Njia zinazojulikana leo ni nyingi, ila kubwa ni hizo mbili: mfupa kusugua mfupa, na misuli kutikisa mfuko wa hewa.

Mwiba unaokwaruza

Mchukue gogogo, ambaye wengine humwita ngogo, aliyekwisha kufa, umlaze mezani. Ana sharubu, hana magamba, na kichwa chake kimefunikwa kwa mfupa mgumu unaoendelea hadi nyuma ya shingo. Ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja kila upande mbele ya pezi la kifuani. Shika mwiba wa ubavuni uuvute mbele taratibu mpaka usimame. Mara nyingi utajifunga hapo hapo. Ukiusukuma urudi nyuma hautaki, na ukitumia nguvu unavunjika kabla haujakubali. Wavuvi wanaijua adha hii kuliko mtu yeyote, kwa sababu gogogo akinasa kwenye nyavu huku amesimamisha miiba, kumtoa ni kazi ya subira, na anayefanya haraka hurudi nyumbani na kidole kilichovimba.

Sasa ukate mwiba huo pale unapoungana na bega. Utakuta umeishia kwenye kichwa cha mfupa kilichopanuka, na pembeni mwake kuna safu ya vituta vidogo sana vilivyopangana. Ukikosa kuviona kwa macho, utavihisi kwa kucha. Samaki akiwa hai, kichwa hicho kinakaa ndani ya mfereji kwenye mfupa wa bega. Anapoupeleka mwiba mbele na nyuma huku akiubana, vile vituta vinapita kwenye ukuta wa mfereji kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinatoa kishindo chake kidogo, na vishindo vinafuatana haraka mno kiasi kwamba sikio linasikia mlio mmoja mrefu. Chukua kitana, pitisha kucha kwenye meno yake polepole, halafu haraka. Hiyo ndiyo kanuni yote.

Ona kwamba pumzi haijatajwa popote. Ndiyo maana gogogo anaendelea kulialia akiwa mkononi mwako, nje ya maji, mdomo ukiwa umefungwa au wazi. Wale wanaosema "ni hewa inamtoka" wanaweza kujaribu wenyewe: mfunge kwa kitambaa kinene, ilaze miiba yote miwili ya ubavuni iguse mwili, uishikilie isicheze. Mlio wa krii unakatika. Uachie, unarudi.

Kwa nini afanye hivyo? Mlio huu hutoka hasa anaposhikwa, iwe na mkono wa mtu, mdomo wa ndege au meno ya samaki mwingine. Unakuja pamoja na miiba kusimama na kujifunga, jambo linalomfanya samaki mdogo ghafla awe mpana kuliko koo la anayetaka kummeza. Miiba ndiyo silaha, na sauti inamweleza adui kwamba silaha ipo. Mama wa Mbuyuni alisema anatahadharisha, na mtaalamu wa samaki angesema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi na bila kukuuzia kitu. Kuhusu kama samaki huyo anasikia uchungu, hilo ni swali lingine ambalo wataalamu bado wanabishana, lakini mlio wenyewe haukujibu. Mwiba ungekwaruza vilevile.

Gogogo si peke yake katika ufundi huu wa mifupa. Pwani kuna samaki wa miambani wanaokoroma wakitolewa majini, na hao husaga meno ya ndani, yale yaliyo kooni ambayo kazi yake ya kawaida ni kusagia chakula. Wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe, ambao waogeleaji wa Mafia huwakuta wamejificha kwenye anemoni (wanyama wa baharini wanaofanana na maua), hugonganisha taya: mshipa mgumu unafunga mdomo kwa ghafla, meno yanagongana, na mgongano huo unasikika majini. Watafiti walilieleza hilo mwaka 2007.

Bondo lina kazi nyingine

Aliyeishi Mwanza au Bukoba hahitaji kuelezwa bondo ni nini. Ni ule mfuko mweupe wa hewa ulio tumboni mwa sangara, ambao hukaushwa na kusafirishwa China, na kilo yake ina thamani kuliko kilo ya minofu. Kwa lugha ya darasani huitwa kibofu cha hewa, na samaki wengi wanacho, wakubwa kwa wadogo. Kazi yake inayofundishwa shuleni ni kumsaidia samaki aelee pale anapotaka bila kuzama wala kupanda. Hiyo ni kweli, lakini mfuko wenye ngozi iliyowambwa na hewa ndani ni kitu kinachovuma ukikitikisa, na samaki wa jamii nyingi wameugeuza kuwa mtambo wa sauti.

Wanautikisaje? Kwa misuli iliyojishika kwenye kibofu chenyewe au kwenye mbavu zilizo jirani. Msuli unakaza, kibofu kinabanwa, msuli unalegea, kibofu kinarudi, na kila mzunguko ni mtetemo mmoja. Kuna samaki wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye kichwa kikubwa na sura ya chura, ambaye misuli yake hii hukaza na kulegea takriban mara 200 kwa sekunde. Ni miongoni mwa misuli yenye kasi kubwa kuliko yote kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Wewe ukijaribu kufumba na kufumbua ngumi hivyo hutafika popote.

Ndugu wa samaki huyo, anayeishi upande wa pili wa Marekani, aliwahi kuwanyima watu usingizi. Katika miaka ya 1980, wakazi wa nyumba zinazoelea huko Sausalito, California, walianza kulalamikia mvumo mzito uliokuwa ukitokea chini yao usiku wakati wa joto. Ulianza jioni, uliendelea kwa saa kadhaa, ukakatika asubuhi. Wengine walizituhumu pampu za majitaka, wengine jenereta, na hawakukosekana waliosema ni mtambo wa siri wa jeshi. Ikaja kubainika kuwa ni samaki madume. Dume hutengeneza kiota chini ya mawe kwenye maji ya kina kifupi, kisha huvuma kwa mitetemo kama 100 kwa sekunde akiita majike, na anaweza kushikilia mvumo mmoja kwa zaidi ya saa nzima. Mvumo ulipenya kwenye sakafu za zile nyumba kwa sababu sakafu zilikuwa zimegusana na maji. Shikilia hilo la kugusana na maji, tutalihitaji baadaye.

Wanajeshi nao walishakumbana na mambo haya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waliweka vinasa sauti chini ya bahari kusikiliza nyambizi za adui, na mwaka 1942 kwenye ghuba ya Chesapeake vikapokea kelele nyingi kiasi cha kufunika kila kitu. Zilikuwa za samaki. Baada ya vita jeshi la majini lilimtumia mwanasayansi Marie Poland Fish, aliyetumia miaka mingi kurekodi viumbe wa baharini mmoja mmoja ili askari waweze kutofautisha samaki na meli.

Na gogogo wetu? Baadhi ya spishi za ukoo wake zina mitambo yote miwili, mwiba na misuli ya kutikisa kibofu. Kuna hata spishi ambazo misuli hiyo ya kibofu imebadilika na sasa inatoa umeme hafifu. Tuiache hapo, umeme wa samaki unahitaji makala yake.

Perege anaongea na nani

Perege ndiye tunayemla zaidi huku, kutoka Nyumba ya Mungu na kwenye mabwawa ya kufugia yaliyochimbwa vijijini, na sijapata kuonana na mtu aliyemsikia akitoa sauti ndani ya beseni. Hata hivyo, watafiti walioweka vinasa sauti kwenye matangi ya ndugu zake wa karibu, yaani sato na perege wa Msumbiji, walikuta madume wana maneno. Dume huchimba shimo la duara chini ya maji, hulisafisha, hulilinda dhidi ya wenzake, na jike akikaribia humzunguka huku akitoa ngurumo fupi fupi nzito. Kwa sato, watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba kuna msuli mwembamba unaobana eneo la kibofu wakati mifupa ya mapezi ya kifuani na ya tumboni ikivutwa kwenda nyuma. Furu wa Ziwa Nyasa, ambao ni wa ukoo huo huo, nao wamerekodiwa wakifanya hivyo wakati wa kuchumbiana.

Hapa panaeleza kitu kinachowachanganya wengi sokoni: kwa nini gogogo anasikika na perege hasikiki. Mlio wa mwiba una mitetemo mingi kwa sekunde, ni mwembamba na mkali, na mifupa migumu ya samaki inaurusha moja kwa moja hewani mara tu anapotolewa nje. Ngurumo ya kibofu ni nzito, ya chini na hafifu, na hutolewa mahali maalumu kwa sababu maalumu, yaani kwenye shimo la dume na mbele ya jike. Perege aliye kwenye beseni hana shimo wala mchumba. Kumtegemea aongee pale ni kumwonea.

Ukuta unaoitwa uso wa maji

Lakini hata perege akinguruma bwawani, wewe uliyesimama ukingoni hutasikia. Sababu si udhaifu wa sauti yake peke yake. Uso wa maji ni ukuta. Maji ni mazito kuliko hewa na hayabanwi kirahisi, kwa hiyo mtetemo unaotoka chini ukifika juu unashindwa kuisukuma hewa ipasavyo na unarudishwa ulikotoka. Nguvu ya sauti inayofanikiwa kuvuka ni kama sehemu moja kwa elfu. Ndani ya maji mambo ni kinyume chake: sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, ambayo ni kama mita 340, na hufika mbali.

Siku ukienda Chemka, kule karibu na Boma Ng'ombe, lijaribu. Zamisha kichwa chote, mwenzako asimame upande wa pili agonganishe mawe mawili chini ya maji. Utayasikia wazi, na utashindwa kusema yako upande gani, kwa sababu sauti inafika masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja. Aliyekaa ukingoni na miguu yake nje ya maji atasikia kidogo sana au asisikie kitu. Samaki wanaokudonoa miguu pale wanaishi katika dunia hiyo ya chini ya ukuta. Watu wa Sausalito waliusikia mvumo kwa sababu nyumba zao zilikuwa zimekanyaga upande wa pili wa ukuta. Na wavuvi wa jadi wa Malaysia wana fundi wao anayezama kando ya mtumbwi na kusikiliza, kisha anapanda kuwaambia wenzake samaki wako wapi na ni wa aina gani. Hakuna muujiza, ameingiza kichwa upande sahihi.

Masikio hayaonekani, yapo

"Samaki atasikiaje na hana masikio?" Anayo, yamo ndani ya kichwa. Siku nyingine ukila perege, usitupe kichwa haraka. Kipasue polepole nyuma ya macho, usawa wa ubongo, upekue kwa ncha ya kisu. Utapata vijiwe viwili vyeupe, bapa, vyenye kingo zilizochongeka, kila upande kimoja (vingine vipo, ila ni vidogo mno). Hivyo ni vijiwe vya masikio. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo sauti ikipita, mwili unatikisika pamoja na maji yenyewe. Kijiwe ni kizito zaidi, kinachelewa kufuata, na vinyweleo vilivyo chini yake vinahisi tofauti hiyo. Ndiko kusikia kwake. Watafiti wa uvuvi hukata vijiwe hivi na kuhesabu miduara yake ili kukadiria umri wa samaki, kwa hiyo ulichokitoa kwenye sahani ni sikio na cheti cha kuzaliwa kwa pamoja.

Wapo waliopewa zaidi. Gogogo, kambale na dagaa wa Mwanza wana mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu cha hewa na sikio. Mtetemo unakitikisa kibofu, vifupa vinaupeleka sikioni, na samaki anasikia sauti nyembamba ambazo perege hazipati. Mjerumani Ernst Heinrich Weber alivieleza vifupa hivyo mwaka 1820 na vinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Nimemtaja kambale, basi tummalize, maana naye husingiziwa. Ile sauti ya "pwaa" anayoitoa kwenye pipa si lugha. Kambale ana chumba juu ya mashavu yake ya kupumulia, chenye viungo vilivyotawanyika matawi matawi, ambacho kinamwezesha kupumua hewa ya kawaida. Anapanda juu, anagugumia hewa, anashuka. Unachosikia ni mtu anavuta pumzi.

Kisamaki na ndege ya jeti

Sasa ile habari ya mwaka 2024. Samaki mwenyewe ni wa kweli. Anaitwa kitaalamu Danionella cerebrum, anaishi kwenye vijito vya Myanmar, ana urefu wa milimita 12 hivi, na mwili wake unapitisha mwanga kama kioo hadi ubongo unaonekana. Yuko kwenye ukoo mmoja mpana na dagaa wa Ziwa Victoria. Watafiti wa Berlin walimpiga picha kwa kamera ya kasi kubwa wakaona msuli unavuta ubavu, ubavu unakibana kipande cha gegedu, kisha gegedu linaachiwa ghafla na kukipiga kibofu cha hewa. Ni madume tu wanaofanya hivyo. Kipimo kilisoma zaidi ya desibeli 140.

Hapo ndipo waandishi wa vichwa vya habari walipochukua jedwali la kelele, wakatazama desibeli 140, wakakuta imeandikwa ndege ya jeti, wakachapisha. Tatizo ni kwamba desibeli si kipimo cha kujitegemea kama kilo. Ni ulinganisho, na majini hulinganishwa na kiwango kingine kuliko hewani. Ukitaka kulinganisha nguvu ya sauti ya majini na ya hewani, unaondoa takriban desibeli 62. Zinabaki kama 78, ambazo ni kelele ya barabara yenye magari mengi. Na kipimo kilichukuliwa umbali wa urefu wa mwili wa samaki huyo, yaani sentimita moja na kidogo. Ukisogea, sauti inapungua upesi. Kwa kiumbe kisichojaza ukucha wa kidole gumba bado ni ajabu kubwa, sioni kwa nini watu waliona haja ya kuongeza ndege.

Hadithi nyingine inayochekesha watu, na ambayo ni ya kweli, ni ya Wasweden. Mwaka 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba ya pwani yao, na kwa miaka mingi baadaye jeshi lao lilikuwa likisikia milio midogo midogo majini na kuamini nyambizi zimerudi. Wanasayansi walioitwa kuzisikiliza sauti hizo katika miaka ya 1990 walisema ni heringi, ndugu wa dagaa wa Kigoma, wanaoachia mapovu ya hewa kutoka kwenye kibofu kupitia tundu la nyuma. Ndiyo, wanajamba. Watafiti wengine walirekodi mwaka 2003 kwamba heringi hufanya hivyo hasa usiku na wanapokuwa wengi, jambo linaloashiria kuwa huenda sauti hiyo huwasaidia kubaki pamoja gizani.

Kwa hiyo mzee wa "samaki ni bubu" ajibiwe kwa hesabu. Uchambuzi uliotoka mwaka 2022 ulikusanya spishi 989 za samaki ambazo zimethibitishwa kutoa sauti kwa makusudi, na mwingine wa mwaka huo huo ukaonyesha kwamba uwezo huo umechipuka upya kwenye jamii tofauti za samaki takriban mara 33, kwa mara ya kwanza kama miaka milioni 155 iliyopita. Haukurithiwa kutoka kwa babu mmoja. Ndiyo sababu mitambo yao haifanani: kila ukoo ulichukua kilichokuwepo mwilini, mwiba, taya, meno ya kooni au bondo, ukakipa kazi ya pili.

Anayetaka kusikia mwenyewe hahitaji maabara. Ndani ya vikaragosi vya watoto vinavyolia na kadi za kuimba huwa kuna kisahani chembamba cha shaba kinachoitwa piezo. Kikiunganishwa kwenye waya wa maikrofoni, kikafunikwa vizuri kwa silikoni au nta maji yasiingie, kinakuwa kinasa sauti cha majini cha bei ya chini, na fundi wa simu anayejua kushika chuma cha risasi anaweza kukuunganishia. Kitumbukize kwenye bwawa la perege, ila kwanza omba pampu izimwe, la sivyo utarekodi pampu. Walishe samaki chakula juu, usikilize: utakachokipata mapema ni midomo inayofyonza na mikia inayopiga maji. Ngurumo za madume zitakuja, kama zitakuja, ukiwa umekiweka karibu kabisa na shimo lenye mwenyewe, na umekaa ukingoni bila kukanyaga kanyaga, kwa sababu ardhi nayo hupeleka hatua zako majini na perege wanazihisi.